Kikohozi cha Sufi

Nyumba yao haikuwa na kibao mlangoni, wala haikuhitaji. Mgeni akiuliza wapi wanauza magodoro, watu wa mtaa walimwambia ashuke hadi kwenye kona, kisha atege sikio. Akisikia watu wanakohoa, abishe hodi. Amefika.

Utani huo ulikuwa na ukweli wake. Kazi ya sufi ni kazi ya vumbi. Sufi, ile pamba nyepesi ya mti wa msufi, huja ndani ya magunia, ikiwa imeshikamana na imejaa mbegu. Mama wa nyumba hiyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, alikaa kwenye kigoda akichambua mbegu na kuzitupa kwenye ndoo. Mwanawe, Fundi, aliipiga sufi kwa fimbo mbili nyembamba mpaka ikafura kama povu la sabuni. Mke wa Fundi aliijaza kwenye vitambaa, akashona kingo, kisha akapitisha sindano ndefu toka upande huu hadi upande ule na kukaza vifundo, ili sufi isihame mtu akijigeuza usingizini. Kwa sababu ya mshono wake, watu walimwita Mshonaji.

Vumbi lilikaa kila mahali. Lilikaa kwenye nyusi, kwenye kikombe cha chai, kwenye mswaki. Walikuwa na vitambaa vya kufunga puani, lakini Bibi alipenda kuongea, na kitambaa kilimzuia. Alikivuta chini hadi kidevuni, akakiacha hapo kama ndevu. Basi walikohoa. Fundi alikohoa asubuhi, Mshonaji alikohoa jioni, Bibi alikohoa wakati wowote alioupenda. Hakuna aliyeshangaa. Walikiita kikohozi cha sufi, na walikizoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia.

Mshonaji alikuwa mjamzito. Mimba ilikuwa imepita mwezi wa saba, na tumbo lilikuwa limemzuia kuinamia godoro kubwa. Sasa alishona mito tu, akiwa ameketi karibu na dirisha. Mikono yake ilifanya kazi, lakini roho yake haikutulia.

Hii haikuwa mimba yake ya kwanza. Alikuwa amezaa mtoto wa kiume kabla, mtoto mzuri mwenye nywele nyingi. Mtoto huyo hakufikisha miezi miwili. Hakukohoa sana. Alikuwa ananyonya vizuri tu, kisha anasita, anakodoa macho, pumzi inakatika. Midomo inageuka rangi, inakuwa ya buluu iliyoiva. Halafu pumzi inarudi. Watu walisema ni vumbi la sufi, mtoto atazoea, wote hapa walizoea. Siku moja pumzi ilikatika na haikurudi. Alikuwa mapajani mwa mama yake.

Mshonaji hakulizungumzia jambo hilo. Alichokifanya ni kusikiliza. Tangu siku hiyo alikuwa akisikiliza pumzi za watu. Alijua Fundi anavyopumua akiwa amelala na anavyopumua akiwa anajifanya amelala. Alijua pia vikohozi vya nyumba ile, kimoja kimoja. Ndiyo maana yeye ndiye aliyegundua kwamba kikohozi cha Bibi kimebadilika.

Mwanzoni kilikuwa mafua ya kawaida. Bibi alipiga chafya, akajifuta, akaendelea na kazi. Kisha mafua yakaisha, kikohozi kikabaki. Kilikuja kwa mkupuo. Bibi angekuwa anasimulia jambo, anacheka, mara kinamshika. Alikohoa, akakohoa, akakohoa, bila nafasi ya kuvuta hewa katikati, mpaka macho yakatoka machozi na mishipa ya shingo ikasimama. Kikiisha, aliketi akahema kidogo, kisha akauliza, "Nilikuwa nimefikia wapi?" Na kweli aliendelea na hadithi pale pale alipoiachia. Hakuwa na homa. Alikula vizuri. Mtu kama huyo nani atamwita mgonjwa?

Mshonaji alijiambia ni sufi. Gunia la mwisho lilikuwa na vumbi kuliko mengine. Alijiambia hivyo asubuhi, akajiambia tena mchana.

Kisha mvua ikaanza.

Sufi na unyevu havipatani. Hewa ikiwa na maji, sufi haifuri. Inashikana mabonge, na ukiijaza kwenye godoro hivyo, itaoza na kunuka. Kwa hiyo mvua ikishika, nyumba za magodoro husimamisha kazi. Fundi aliyafunga magunia kwa plastiki, akayapandisha juu ya mbao, akaenda kufanya vibarua vya kutengeneza viti kwa jirani. Bibi alifagia chumba cha kazi, akamwaga maji, akasugua sakafu. Vumbi likaisha. Nyusi za watu zikarudia rangi zake.

Kikohozi cha Fundi kikaisha baada ya siku chache. Cha Mshonaji nacho kikaisha. Cha Bibi kikazidi.

Wiki ya pili ya mvua, Mshonaji alimkuta Bibi ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, uso umemvimba. Alikohoa mpaka mwili mzima ukajikunja. Pumzi ilipokuja, ilikuja na mlio mwembamba, kama mtu anayevuta uzi mrefu kutoka kooni. Kisha akatapika chai yote aliyokunywa. Akasukutua mdomo, akajipangusa kwa kanga, akamwona mkwewe amesimama.

"Usinitazame hivyo, mwanangu," Bibi alisema. "Sufi imenikaa kifuani. Itatoka."

"Sufi tumeifunga, mama."

"Ya miaka mingi hiyo. Itachukua muda kutoka."

Akacheka, akaenda kumenya viazi.

Mshonaji alibaki pale pale. Ule mlio ulimwingia mwilini. Mtoto tumboni alipiga teke, naye akaweka mkono juu ya lile teke. Baada ya wiki chache mtoto huyu angekuwa nje. Na nani angempokea? Nani angemwogesha, angembeba, angempulizia usoni ili acheke? Ni Bibi. Bibi alikuwa tayari amekata vitambaa vya kumfungia, na alikuwa anamwambia kila mtu kwamba safari hii mama mtu atalala, mtoto ni wake yeye.

Jioni ile alitaka kumwambia mumewe, maneno yakamshinda. Utamwambiaje mtu kwamba unamwogopa mama yake? Mama mkwe aliyekukanda mgongo, aliyekulilia mtoto wako kuliko ulivyolia wewe, utamwambiaje asikusogelee? Alikaa na jambo hilo siku kadhaa. Chakula hakikupita. Kila Bibi alipokohoa, yeye alihesabu pumzi, akakaza vidole vyake kama anakaza kifundo.

Siku ya kliniki ilipofika, alikwenda peke yake na mwavuli. Mkunga wa zahanati ile alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini, ambaye alipasha mikono yake moto kwa kuisugua kabla ya kumgusa mtu tumbo. Alimpima, akasikiliza moyo wa mtoto, akasema mtoto amekaa vizuri. Kisha akauliza maswali ya kawaida. Unalala? Unakula? Miguu inavimba? Nyumbani kuna mtu anayekohoa?

"Sisi wote tunakohoa," Mshonaji alijibu. "Ni kazi yetu. Tunatengeneza magodoro."

Mkunga aliandika, kisha akasita. Akatazama dirishani, mvua inanyesha.

"Na sasa hivi mnatengeneza?"

Mshonaji alifungua mdomo kujibu, badala ya jibu yakaja machozi. Mkunga alifunga mlango, akavuta kiti karibu. Mshonaji akaeleza yote. Alieleza mlio, matapishi, na jinsi Bibi anavyoonekana mzima baada ya muda mfupi. Kisha, bila kuulizwa, akaeleza habari za mtoto wa kwanza. Ile rangi ya midomo hakuwahi kumtajia mtu. Akamtajia mkunga.

Mkunga hakumkatiza. Mshonaji alipomaliza, mkunga alisema hawezi kuthibitisha ugonjwa wa mtu ambaye hajamwona, lakini anayoyasikia yanafanana na kifaduro. Alisema kifaduro kwa mtu mzima huweza kuonekana kama kikohozi tu kirefu kinachosumbua. Kwa mtoto mchanga ni jambo jingine. Mtoto mchanga anaweza asikohoe kabisa. Yeye husahau kupumua.

"Kesho nitakuja kwenu," alisema. "Nitazungumza na bibi mwenyewe. Wewe usibebe mzigo wa kumwambia. Huo ni mzigo wangu."

Kesho yake alikuja na koti la mvua na mkoba. Alivaa barakoa kabla ya kuvuka kizingiti. Bibi alimpokea mgeni kwa furaha, akamletea kiti, akamuuliza kama anataka godoro au mto. Mkunga akasema, shikamoo bibi, nimekuja kwa ajili ya kikohozi.

"Kikohozi kipi?" Bibi aliuliza. "Hapa tunavyo vya jumla na rejareja."

Fundi alicheka. Mshonaji hakucheka. Na kabla mkunga hajajibu, kikohozi chenyewe kikajibu. Kilimshika Bibi akiwa amesimama, kikamkalisha chini, kikamvuruga mpaka mkunga akamshika mabega na kufungua dirisha. Ule mlio ulikuja mara mbili. Kiliponyamaza, Bibi hakuuliza alikuwa amefikia wapi.

Mkunga alimpima kifua. Alichukua kijiti chenye pamba, akakiingiza puani hadi ndani kabisa, akakitia kwenye kichupa cha kupeleka maabara. Bibi alisema kijiti kile kimegusa mawazo yake. Mkunga alisema majibu yatachelewa, na dawa isingoje majibu, kwa sababu ndani ya nyumba kuna mjamzito.

"Lakini mimi kifaduro nilishaugua," Bibi alisema. "Nilikuwa mdogo hivi. Nilikohoa mpaka mama yangu akakata tamaa. Ukishaugua umemaliza. Tena mtoto huyu ni damu yangu. Kinga yangu si ataipata?"

Hilo ndilo lililokuwa limeituliza nyumba muda wote. Bibi alilisema mara nyingi, na Fundi alilisadiki, kwamba familia yao ilishamalizana na kifaduro zamani.

Mkunga hakumcheka. Alieleza polepole. Mwili ukipigana na ugonjwa, alisema, hutengeneza walinzi wadogo sana ndani ya damu. Walinzi hao huitwa kingamwili. Wanamtambua adui, wanamkamata kabla hajajishikiza kwenye njia ya hewa. Lakini walinzi wa kifaduro hawakai milele. Miaka inapita, wanapungua, wanaisha. Ndiyo maana Bibi aliugua tena. Na kinga hairithiwi kama pua au kimo. Haipiti kutoka kwa bibi kwenda kwa mwanawe, kisha kwa mjukuu. Njia kuu ni moja: kutoka kwenye damu ya mama mjamzito, kupitia kondo la nyuma na kitovu, hadi kwa mtoto tumboni.

Bibi alifikiri. Kisha akakunja mkono wa gauni lake, akaunyoosha mkono juu ya meza.

"Basi chukua," alisema. "Mimi naugua sasa hivi. Walinzi wapya si wapo? Toa damu yangu, mchome mtoto akizaliwa. Chukua unayotaka. Nimeishi vya kutosha, sitaihitaji yote."

Hakuwa anatania. Mkono ulikuwa mkavu, wenye vumbi la miaka kwenye mikunjo. Mshonaji aliutazama, akaona aibu kwa jinsi alivyokuwa akiukimbia.

Mkunga aliushika ule mkono, akaurudisha kwenye mapaja ya Bibi taratibu.

"Unalolisema si la kijinga, bibi," alisema. "Wataalamu walishalifikiria. Huwezi kuchukua damu ya mtu na kumtia mtoto hivi hivi, utamuua. Lakini walikusanya damu za watu wenye kingamwili nyingi, wakatenga yale maji ya damu, wakayasafisha, wakatengeneza dawa ya sindano. Kwa magonjwa mengine dawa za namna hiyo zipo mpaka leo. Mtu akiumwa na mbwa mwenye kichaa anaweza kupewa. Kwa pepopunda pia zipo."

"Na kwa kifaduro?" Fundi aliuliza.

"Kwa kifaduro walijaribu. Haikuthibitika kwamba inasaidia vya kutosha. Watafiti bado wanaendelea, lakini leo sina dawa hiyo ya kumpa mtoto wenu, na mtu akiwauzia mtaani msinunue. Njia tuliyonayo ni nyingine. Tunamchanja mama akiwa mjamzito. Mwili wake unatengeneza kingamwili mpya, nyingi, na wenyewe unampelekea mtoto. Hiyo ndiyo njia iliyothibitika."

Bibi alitazama tumbo la Mshonaji kama anaona kiwanda.

"Kwa hiyo mtoto anazaliwa na godoro la kuazima," alisema. "Atalilalia, lakini mwenyewe atakuja kulichukua."

"Ndiyo hivyo," mkunga alisema. "Kinga ya mama inamkinga miezi michache ya mwanzo, ile ya hatari zaidi. Baadaye inaisha. Kwa hiyo akifika umri wa chanjo zake, wiki ya sita au kadiri mtakavyoelekezwa kliniki, lazima mumpeleke, na mrudi mara zote mtakazoambiwa. Hapo ndipo anajifunza kujishonea godoro lake."

Fundi alikuwa amesimama na zile fimbo zake mbili mkononi, ingawa hakukuwa na sufi ya kupiga. Aliuliza kwa sauti ndogo.

"Yule wa kwanza. Inawezekana kilikuwa hiki?"

Mkunga alisema hawezi kujua sasa. Inawezekana.

"Mimi nilikuwa nakohoa," Fundi alisema. "Wakati ule. Wiki nyingi. Nilikuwa nambeba kila nikitoka kazini."

Mvua ilisikika juu ya bati. Mshonaji aliinuka kwa shida, akazitoa zile fimbo mkononi mwa mumewe, akaziegemeza ukutani. Alisimama karibu naye, bega kwa bega, mpaka pumzi yake ikarudi kawaida.

"Hakuna kati yenu aliyejua," mkunga alisema. "Sasa mnajua. Tufanye ya sasa."

Ya sasa yalikuwa mengi, na yalifanywa siku ile ile. Bibi alipewa dawa ya kuua vijidudu. Fundi na Mshonaji nao wakapewa, ya Mshonaji ikiwa ya kumfaa mjamzito, kwa kuwa walikula na kulala chini ya paa moja na mgonjwa. Bibi alihamia chumba cha kazi kwa siku tano za mwanzo za dawa. Alivaa barakoa mtu akiingia. Madirisha yalifunguliwa, mvua inyeshe isinyeshe. Bibi aliwatangazia wapita njia kupitia dirishani kwamba amefukuzwa kwake kama paka mwizi, na sasa analala juu ya magodoro yote kwa pamoja kama malkia.

Chanjo yenyewe haikuwepo pale zahanati. Mkunga aliwaelekeza hospitali kubwa, akasema si kila mahali wanayo, kwa hiyo mjamzito aulize, tena aulize mapema. Fundi alimsindikiza mkewe. Sindano ilikuwa moja, ya begani, yenye kinga ya kifaduro pamoja na pepopunda na dondakoo. Mshonaji aliuliza kama itamdhuru mtoto. Daktari alimwambia wajawazito wengi wamechanjwa na ni salama, ila bega litauma kidogo. Liliuma. Akayafurahia maumivu, maana yalimwonyesha kwamba kitu kinafanyika.

Kisha likaja la kusubiri, na hilo lilimshinda. Mwili unahitaji kama wiki mbili kutengeneza kingamwili za kutosha na kuzipitisha. Je, mtoto akiwahi kuzaliwa? Kila tumbo lilipokaza alikaa chini, akamwambia mtoto moyoni, bado, bado kidogo. Aliota sufi nyeupe inapita kwenye uzi mwembamba, punje moja moja, na uzi unatishia kukatika. Akiamka alimsikiliza Bibi upande wa pili wa ukuta.

Majibu ya maabara yalikuja: kilikuwa kifaduro. Siku tano za dawa zilikuwa zimepita, na mkunga alisema sasa Bibi hamwambukizi mtu. Hata hivyo kikohozi hakikuisha. Mkunga alikuwa ameonya kwamba vijidudu hufa lakini koo hubaki na majeraha, mtu huendelea kukohoa hata miezi. Mshonaji alisikia maneno hayo kwa masikio. Moyo haukuyasikia. Bibi alirudi chumbani kwake, lakini kila alipokohoa Mshonaji aliinuka na kutoka nje. Bibi aliona. Alianza kukohoa uani, nyuma ya tangi la maji, ili asionekane.

Mtoto hakuwahi. Alisubiri hadi wakati wake, akazaliwa binti, mzito, mwenye nywele nyingi kama kaka yake. Mvua ilikuwa imeisha. Nyumbani, sufi haikufunguliwa tena ndani. Fundi alikuwa amehamishia kazi kwenye banda la nyuma, mbali na chumba cha mtoto, na akajiwekea sheria ya kuoga na kubadili nguo kabla ya kumshika. Yeyote mwenye mafua au kikohozi alimwona mtoto dirishani. Wengine walinuna. Fundi aliwaambia wanune wakiwa nje.

Bibi naye alimwona mjukuu kupitia dirishani. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alisimama pale kila asubuhi, barakoa usoni, mikono nyuma, akauliza kama amenyonya, kama amelala. Vile vitambaa alivyovikata alivipitisha kwa Fundi.

Siku moja mtoto akakohoa. Alikuwa ananyonya, akasita, akakodoa macho. Mshonaji alimtoa kwenye titi. Alimwinua, akamtazama midomo. Hakumngoja mtu. Alimfunga na kutoka, na Bibi alimfuata mbio hadi zahanati, viatu mkononi.

Mkunga alimpima mtoto muda mrefu. Midomo ilikuwa myekundu. Kifua kilikuwa safi. Alisema ni maziwa yaliyopita njia mbaya, basi. Akamsifu Mshonaji kwa kuja haraka, kwa sababu hata mtoto mwenye kinga ya mama anaweza kuugua. Akarudia dalili za kumkimbiza mtoto hospitali: pumzi kukatika, midomo kubadilika rangi, kikohozi cha mkupuo, kutapika baada ya kukohoa, kushindwa kunyonya. Bora uje bure mara kumi, alisema.

Mshonaji aliitikia, akaketi. Mikono ilikuwa imechoka kwa kumkumbatia mtoto njia nzima. Alitazama kushoto na kulia. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, viatu bado mkononi, hathubutu kuvuka kizingiti.

"Mama," Mshonaji alisema. "Njoo umshike."

"Mimi?"

"Mkunga alishasema huambukizi. Alisema zamani. Mimi ndiye sikusikia."

Bibi aliweka viatu chini. Alinawa mikono, akanawa tena, akaipangusa. Alimpokea mtoto kama mtu anayepokea maji katika viganja. Hakusema neno la mzaha.

Siku ya chanjo ya kwanza walikwenda watatu, na mtoto wa nne. Fundi alibeba mkoba. Bibi alimpakata mtoto, akamshika mguu kama alivyoelekezwa. Mshonaji alisimama pembeni, macho kwenye midomo ya binti yake.

Sindano iliingia. Mtoto alifungua mdomo, na kwa kitambo hakikutoka kitu. Uso ulikunjamana, pumzi ikasimama. Mshonaji aliishika meza. Kisha kilio kikatoka. Kilikuwa kikubwa, kirefu, cha hasira, kikaenda mpaka mwisho wa pumzi, pumzi ikavutwa, kikaanza upya. Kilijaza chumba, kikatoka hadi kwenye benchi la wanaosubiri, watoto wengine nao wakaanza kulia.

Bibi alianza kumbembeleza na kumpigapiga mgongoni anyamaze.

"Mwache, mama," Mshonaji alisema.

Alimchukua binti yake, akamlaza begani, sikio la mtoto karibu na shavu lake. Akatoka naye nje juani akiwa bado analia, na hakumnyamazisha.